Sofa ya Kuazima

Tarehe 4 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku mzima kabisa, sina hata chafya, mawazo yangu yote yako kwenu. Barua hii nimempa Kondakta, yule shemeji yetu wa basi la masafa, kwa hiyo ikifika ina vumbi na harufu ya dizeli usinilaumu mimi. Najua simu yako ilikwenda na maji na mnara wa huko bado umelala chini. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani, na mwenyewe nimeanza kuona raha yake.

Kazi hotelini inaendelea vizuri. Wageni wengi, mashuka mengi, chumba cha kufulia kina joto kama tanuri. Mshahara tu ndio umechelewa kidogo, ndiyo maana bahasha haina kitu ndani. Mwezi ujao nitatuma yote kwa pamoja.

Sasa nisikilize. Nimesikia redioni kuna mradi wa kuwapa fedha taslimu watu waliopigwa na mafuriko, kila mwezi, mpaka wasimame tena. Wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anastahili. Wakija kwako waambie ukweli wote: kwamba maji yalibeba pamba na cherehani, kwamba fundi wa magodoro bila pamba hana kazi, kwamba unamlea mjukuu peke yako. Usianze yale mambo yako ya "hatujambo, tunashukuru." Nakujua, Mama.

Nibusie Chiriku. Mwambie mama yake anasema apumzishe mdomo mara moja moja, masikio ya bibi yake si ya chuma.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 12 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Barua imefika, na vumbi lake. Kondakta alikunywa chai, tukaongea kidogo, akakimbilia basi lake.

Hao watu wako wa mradi walikuja kesho yake. Vijana wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kubonyeza simu kubwa kama sinia. Nikawapokea kama watu wanavyopokewa. Walikaa kwenye sofa, wakanywa chai kwenye vikombe vyenye visahani, redio ikiwaimbia kwa sauti ya chini. Yule wa kuuliza, mwenye miwani, alisema tangu waanze kazi hii hawajapokewa vizuri hivyo. Nilifurahi mno, mwanangu. Siku nzima nilikuwa najichekea mwenyewe.

Jina langu halikutokea kwenye orodha. Si neno. Walioandikwa nao wana shida zao, na sisi hatujambo, tunashukuru. Mke mwenzangu Chiriku anacheza, anakula, anakohoa kidogo kama watoto wote wa msimu huu.

Wewe usijisumbue na bahasha. Kula ushibe. Unakula lakini? Hukuniambia unakula nini.

Mimi mama yako


Tarehe 19 Mei

Mama,

Shikamoo. Nakula vizuri, chakula cha hotelini unakijua.

Sofa ipi? Tangu nizaliwe hatujawahi kuwa na sofa. Tulikuwa na viti viwili vya mbao na kimoja kilikuwa kinamtaka mtu ajue kukikalia. Na vile vikombe vyenye visahani tumevitoa wapi? Mama, umefanya nini?

Kitinda


Tarehe 25 Mei

Kwako Kitinda,

Habari za siku nyingi? Ni mimi Mama Duka, jirani yenu wa ukuta mmoja. Mama yako hajui kama nakuandikia, na akijua itakuwa kesi, kwa hiyo ukimaliza kusoma chana.

Barua yako alinisomea huku anacheka, eti "mtoto huyu ana maswali kama polisi." Hatakujibu, kwa hiyo nakujibu mimi. Sofa ni yangu. Ni ile ya kahawia uliyokuwa unairukia utotoni mpaka ukanivunjia springi. Ilipona mafuriko kwa sababu tuliifunga kwa kamba tukaining'iniza kwenye boriti.

Mama yako aliposikia wageni wanakuja alihangaika kama mtu anayeoza binti. Akaja kwangu akaomba sofa na vikombe. Akaenda kwa Fundi Saa akaomba saa ya ukutani na redio. Akaenda kwa Mwalimu Mstaafu akaomba zulia, meza na mapazia. Nani angemkatalia? Mtaa huu wote tumezaa watoto wetu juu ya magodoro yake. Tukavibeba wenyewe kwenye tope, Fundi Saa sofa kichwani kama kofia. Chumba kikapendeza mpaka mimi mwenyewe nilipoingia nikavua viatu.

Sasa hapa ucheke au ulie, chagua. Wale vijana wakitoka kwake wakaja kwangu. Chumba changu kitupu, sofa yangu iko kwa mama yako! Nikawakalisha kwenye ndoo. Kwa Fundi Saa wakakuta ukutani kuna msumari tu. Kwa Mwalimu wakakuta sakafu tupu na madirisha wazi. Sote watatu tumeandikwa. Mama yako, ambaye maji hayakumwachia hata kijiko, ameachwa.

Na Chiriku hakohoi kidogo. Wanalala kwenye mbao chini, na ile sakafu bado inatoa unyevu. Mganga wa zahanati aliandika dawa ya kuvuta, akasema mtoto alale juu, mahali pakavu, kabla kifua hakijaharibika. Dawa haijanunuliwa. Mtoto aliyekuwa anatuchosha masikio siku hizi hasemi, akisema pumzi inakatika. Mama yako anakula mara moja kwa siku, ukimuuliza anasema amefunga. Amefunga nini mwezi mzima?

Ndiyo hivyo. Mimi fedha yao ya kwanza nimeipokea na sijapata usingizi tangu hapo.

Jirani yako,
Mama Duka


Tarehe 1 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Usiniulize nimejuaje. Nimejua.

Nilicheka kwanza, sitakuficha. Nilimwona Fundi Saa na sofa kichwani. Halafu nikafika kwenye kifua cha mwanangu, na tangu hapo sijacheka tena. Wewe umeshonea magodoro nusu ya mji halafu mjukuu wako analala kwenye mbao. Yule ni mwanangu, Mama. Akiumwa niambie anaumwa. Usinipakie asali kwenye barua.

Nimeuliza watu wanaoijua miradi hii. Wanasema kuna dawati la malalamiko, liko hapo hapo uwanja wa shule, na linafungwa mwisho wa mwezi huu. Likifungwa hakuna kuongezwa tena. Nenda useme vitu vilikuwa vya kuazima. Ni sentensi moja tu. Wewe uliyenifundisha kuomba msamaha mbele ya darasa zima, sentensi moja itakushinda?

Ningetuma ya dawa leo hii, lakini mshahara bado wanatuzungusha. Tafadhali nenda.

Kitinda wako


Tarehe 7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Aliyekuambia namjua. Nilimnunia siku mbili, ya tatu nikaishiwa chumvi ikabidi tupatane.

Kuhusu kikohozi, nisamehe. Nilidhani nakupunguzia mzigo, kumbe nimekuongezea. Usiku namlaza kifuani kwangu ili asiguse mbao. Mimi mwenyewe ndiye godoro lake sasa, na sijapata malalamiko kutoka kwa mteja.

Lakini dawatini siendi. Fikiri na wewe. Nikisema sofa ni ya Mama Duka, watauliza mbona kwake hawakuiona. Watamfuta. Duka lake limebaki jina, anauza viberiti na maneno. Fundi Saa amejaza ndoo nzima ya saa zilizokufa kwa tope, na Mwalimu macho yake unayajua. Siwezi kutoka shimoni kwa kuwakanyaga wao mabega. Ndio walionibebea vile vitu kwenye tope bila hata kuniuliza vya nini.

Unataka kujua kwa nini nilifanya vile. Sijawahi kumkalisha mgeni sakafuni, mwanangu, hata mwaka ule baba yako alipofariki. Nilijua wanakuja kuandika kwamba mimi ni maskini. Waandike, ni kweli. Ila nilitaka kwanza wanione mimi, mwenye nyumba, anayejua kumimina chai bila kuimwaga kwenye kisahani. Nilisahau kwamba wao wanahesabu walichokikalia. Nimekosea, na inaniuma kuliko unavyodhani.

Tena kuna swali jingine waliniuliza, nikajibu, na jibu lile siwezi kulifuta. Hilo tuliache.

Mama yako


Tarehe 15 Juni

Kwako Kitinda,

Ni mimi tena. Safari hii mama yako anajua naandika, amekaa hapo nje ananisikiliza kalamu.

Baada ya kusikia kwamba haendi dawatini kwa ajili yetu, tuliona aibu, tukakaa sisi watatu tukaamua kujitaja wenyewe. Juzi asubuhi tukabeba kila kitu mpaka uwanja wa shule. Tukapanga pale mbele ya dawati: sofa, zulia, meza, redio, vikombe. Mapazia nimeyashika mimi, Fundi Saa ameikumbatia saa yake kama mtoto mchanga. Watu wakadhani kuna mnada, mmoja akaanza kuulizia bei ya meza. Mama yako akaletwa na makelele, akatukuta tumesimama hivyo.

Yule kijana wa miwani akauliza, "Hivi vyote ni vya nani?"

Mwalimu akajibu, unajua anavyojibu: "Kila mtu na chake. Lakini siku ile mliyokuja vilikuwa kwa mama huyu. Mtaa mzima tuna chumba kimoja cha kupokelea mgeni, kijana wangu, na ndicho mlichokiona."

Kijana alicheka mpaka akavua miwani. Akasema sofa ya zamani haimfuti mtu aliyepoteza kazi yake, sisi tutabaki palepale. Tukashusha pumzi. Fundi Saa akakaa kwenye sofa hapo hapo, saa yake mapajani.

Lakini haikuishia hapo. Kijana akafungua ile simu kubwa akasema mama huyu hakuachwa kwa ajili ya sofa. Alipoulizwa kama kuna mtu anayemsaidia, alisema: binti yangu ana kazi hoteli kubwa, anatuma kila mwezi, hajakosa hata mmoja. Akamgeukia kwa adabu kabisa. "Mama, bado anatuma?"

Mama yako akaanza kumfuta Chiriku pua. Akamuuliza tena. Mama yako akasema, "Anayejua ni yeye mwenyewe." Akamshika mtoto mkono, wakaondoka, naye anakohoa njia nzima.

Kitinda, mimi si mtu wa kukuhoji. Kama unatuma fedha, basi kuna mtu anazila njiani na tumtafute. Kama hutumi, mwambie mama yako, maana bila neno lako hatasema kitu. Dawati linafungwa tarehe 30.

Mama Duka


Tarehe 20 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimeichana karatasi ya kwanza na ya pili. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Sina kazi. Hoteli ilifungwa mwezi wa tatu, wiki ile ile maji yalipowaingilia. Wageni walikatika, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa, na geti lina kufuli mpaka leo. Rafiki yangu fundi cherehani amenipa nafasi kwenye chumba chake cha kushonea. Nalala chini ya meza ya kukatia nguo. Nafua nguo za watu majumbani, siku nikipata nakula, nisipopata nanywa maji mengi. Ule mshahara uliochelewa haupo. Nilipoandika "mwezi ujao" nilikuwa naamini kidogo.

Nilikuambia uwaambie ukweli wote, na kwenye barua hiyo hiyo nakudanganya. Naona aibu, Mama. Naona aibu mpaka kwenye vidole.

Nilitaka kurudi. Nauli sina, lakini si nauli tu. Miaka yote nimekuja na mfuko wa sukari na viatu vya mtoto. Sasa ningeingia na nini mkononi? Nilisema nikipata kitu nitakuja, kitu kikawa hakipatikani.

Nenda kawaambie. Waambie mbele ya watu wote, kwa sauti, kwamba binti yako hana kazi na hatumi chochote. Haitaniumiza. Kinachoniumiza ni kile kifua. Nimemwomba Kondakta akupe barua hii mkononi mwako siku hiyo hiyo, hata kama basi limechelewa.

Mwanao, ambaye anakupenda na hakujua namna nyingine,
Kitinda


Tarehe 9 Julai

Kitinda wangu, mtoto wangu wa mwisho,

Marahaba. Marahaba mara mia.

Nilijua. Kondakta alipoleta ile barua yako ya kwanza nilimuuliza, "Umeichukua getini hotelini?" Akatazama ndani ya kikombe muda mrefu kuliko chai iliyokuwemo. Sikumuuliza zaidi. Nilitaka uniambie wewe, siku utakayoweza.

Kesho yake wale vijana wakaja, na barua yako ilikuwa hapa kifuani, chini ya gauni. Wakauliza kama nina mtu anayenisaidia. Ungekuwa mimi ungesema nini? Mtoto yuko mbali, ana njaa yake, anakaa anabuni mashuka na wageni ili mimi nilale usingizi. Niliona nikijibu "hapana" nitakuwa nimekufuta wewe, si jina langu. Nikasema anatuma, hajakosa hata mwezi mmoja. Nilisema kwa majivuno, mwanangu, na sikujiona mwongo. Baadaye nikaona bei ya majivuno yangu ikikohoa usiku, na bado ulimi haukunyanyuka. Hapo ndipo nilipokukosea wewe na mtoto, na naomba unisamehe.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda uwanjani. Foleni ilikuwa ndefu na watu ni wale wale wote wanaotujua. Zamu yangu ilipofika nikamwambia yule kijana, "Andika. Binti yangu hana kazi. Hatumi fedha. Anatuma barua, na ndizo alizonazo." Akaandika ile ya kwanza. Ile ya barua akasema haina sehemu kwenye simu yake. Nikamwambia basi aisikie tu, kwa sababu nayo ni kweli. Akavua miwani tena, ila safari hii hakuwa anacheka.

Nimeandikwa. Fedha ya kwanza nimepokea wiki iliyopita. Nilimuuliza kijana natakiwa kuitumiaje, nisije nikakosea na hilo. Akasema, "Ni yako, Mama. Tumia unavyoona mwenyewe."

Basi nimeona hivi. Kwanza dawa ya Chiriku. Kisha unga na mafuta. Kisha pamba ya godoro moja, nimelishona kwa mkono, kwa sindano ndefu niliyoazima kwa Mwalimu. Jana mtoto amelala juu, pakavu, na leo asubuhi ameamka akaniuliza kwa nini kuku hana meno, na kabla sijajibu akauliza swali jingine la samaki. Nimekaa mlangoni nikalia mpaka Mama Duka akaja kuuliza nani amekufa.

Kilichobaki ni nauli yako. Sikuiweka kwenye bahasha kwa sababu nakujua, ungenirudishia na hadithi ya kazi mpya. Nimempa Kondakta, amekukatia kiti cha dirishani, na ameapa mbele yangu kwamba atasimama hapo mlangoni pa fundi cherehani mpaka ufunge begi. Usimcheleweshe, ana abiria.

Umeuliza utaingia na nini mkononi. Fundi Saa ameagiza godoro. Mwalimu ameagiza, Mama Duka ameagiza, na leo wamekuja watu wa mtaa wa pili. Kila aliyepokea fedha anataka kulala juu. Pamba imefurika chumbani, mimi macho yamechoka na vidole vimekuwa vizito. Njoo na mikono mitupu, mwanangu. Ndiyo ninayoihitaji.

Mama yako